Sumu ya Nyoka na Damu Isiyoganda: Umbo la Vimeng'enya na Uchaguzi wa Dawa



Kijitabu hiki kimekusudiwa kumsaidia mwananchi anunue bidhaa na kupokea huduma akiwa na ujuzi wa kutosha. Yamkini utajiuliza sumu ya nyoka ina uhusiano gani na ununuzi. Jibu ni kwamba mtu aumwapo na nyoka, yeye na jamaa zake hugeuka kuwa wateja katika muda mfupi mno, tena wakiwa na hofu. Huyu huja na jiwe jeusi, yule na unga wa mizizi, na mwingine anamjua mwenye duka la dawa. Hospitali nayo ina kichupa chenye maandishi madogo yasiyosomwa na mtu. Uamuzi unaofanywa katika saa hizo waweza kugharimu fedha, kiungo cha mwili au uhai wenyewe.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka ulimwenguni, na kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufariki dunia. Mwaka 2017 shirika hilo liliyatia majeraha ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Wengi wa wanaopatwa na janga hili ni wakulima, wafugaji na watoto wa mashambani, yaani watu walio mbali na hospitali na karibu na wauzaji wa tiba zisizo na uthibitisho.

Makala haya yanaeleza jambo moja: kwa nini sumu ya baadhi ya nyoka humfanya mtu atoke damu, na jinsi kutoka huko kunavyotegemea umbo la chembe zilizomo ndani ya sumu. Atakayelielewa jambo hilo atajua mwenyewe kwa nini dawa fulani hufaa, kwa nini nyingine hazifai, na aulize nini kabla ya kulipa.

Kinga mbili za damu

Damu hukaa mahali pake kwa sababu ya kinga mbili. Ya kwanza ni ukuta wa mshipa. Mishipa midogo kabisa, iitwayo kapilari, ina ukuta wa safu moja tu ya seli. Seli hizo zimelazwa juu ya utando mwembamba uliofumwa kwa protini, na iliyo muhimu zaidi miongoni mwake ni kolajeni ya aina ya nne. Utando huo ndio unaoipa kapilari nguvu ya kustahimili msukumo wa damu.

Kinga ya pili ni kuganda kwa damu. Mshipa ukipasuka, chembe sahani hukimbilia penye tundu na kushikamana. Papo hapo protini kadhaa za damu huamshana moja baada ya nyingine, mpaka ile iitwayo protrombini igeuke kuwa trombini. Trombini nayo huikata protini nyingine, fibrinojeni, na kuigeuza nyuzi zinazoliziba tundu kama wavu.

Basi, ili mtu atoke damu bila kukoma, lazima kinga mojawapo ivunjwe, au zote mbili. Sumu ya vifutu na jamaa zao ina zana za kuvunja zote mbili kwa wakati mmoja, na hilo ndilo linaloifanya iwe ya hatari.

Umbo ndilo lenye kazi

Zana zenyewe huitwa vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani ya kikemikali bila yenyewe kwisha. Vipo mwilini mwetu pia, na ndivyo vinavyosaga chakula tumboni. Kila protini ni mnyororo wa asidi amino uliokunjwa kwa namna yake maalumu. Mfano wake ni ukili: ukishonwa hivi huwa mkeka, ukishonwa vile huwa kikapu. Ukili ni uleule, ila kazi hutokana na umbo.

Kundi la vimeng'enya linalohusika zaidi na kutoka damu ni lile la metaloproteinasi. Jina hilo humaanisha vimeng'enya vinavyokata protini kwa msaada wa metali, nayo metali hiyo ni zinki. Katikati ya kila kimeng'enya cha kundi hili mna bonde, na ndani ya bonde hilo atomu moja ya zinki imeshikwa na asidi amino tatu za aina ya histidini. Zinki huielekeza molekuli ya maji kwenye mnyororo wa protini iliyoingia bondeni, na mnyororo hukatika. Zinki ikiondolewa, makali ya kimeng'enya hupotea. Umbo la kwanza la kimeng'enya cha namna hii lilichorwa kwa ukamilifu mwaka 1993 kwa kutumia miale ya eksirei. Kilitolewa katika sumu ya nyoka wa Marekani mwenye njuga mkiani.

Wataalamu huvigawa vimeng'enya hivi katika madaraja matatu kwa kuangalia umbo:

1. Daraja la P-I lina sehemu moja tu, ile yenye zinki. Huu ni mkasi mtupu.

2. Daraja la P-II hutengenezwa likiwa na sehemu ya pili, disintegrini, ambayo mara nyingi hukatika na kwenda zake peke yake. Disintegrini hushikamana na chembe sahani na kuzizuia zisishikane zenyewe kwa zenyewe.

3. Daraja la P-III lina sehemu ya zinki, sehemu inayofanana na disintegrini, na sehemu ya tatu yenye asidi amino nyingi za aina ya sisteini. Umbo lake zima limejipinda kama herufi C.

Makali ya madaraja yote matatu yanafanana, kwani zinki imekaa mahali palepale. Lakini kwa jumla daraja la P-III husababisha kutoka damu kwingi kuliko P-I, na baadhi ya vimeng'enya vya P-I havitoi damu hata kidogo. Tofauti haimo katika makali bali katika sehemu zilizoongezwa. Sehemu hizo ni kama mkono unaoushika mkasi na kuupeleka panapotakiwa. Huzitambua protini za utando wa kapilari, huzikamata, na kukiweka kimeng'enya palepale ambapo mkato mdogo huleta hasara kubwa. Kimeng'enya cha P-I kisicho na mkono huo husambaa ovyo na kukata hapa na pale.

Kuna sababu ya pili. Katika damu yetu mna protini kubwa iitwayo alfa-2-makroglobulini, ambayo hufanya kazi kama mtego: huvinasa vimeng'enya wageni na kuvifungia ndani yake. Vimeng'enya vidogo vya P-I hunaswa kwa urahisi, ilhali vingi vya P-III huukwepa mtego huo. Kwa hiyo huweza kusafiri na damu na kufanya madhara mbali na jeraha: kwenye fizi, figo, mapafu, tumbo, hata ubongo. Ndiyo maana mtu aliyeumwa kifundoni huweza kutoka damu mdomoni.

Ukuta unavyopasuka

Watafiti, wakiwemo wale wa Kosta Rika waliolichunguza suala hili kwa miaka mingi, wameeleza kuwa kapilari hupasuka kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni ya kimeng'enya, nayo ni kuikata kolajeni ya aina ya nne na protini zinazoambatana nayo, hata utando ulegee. Hatua ya pili haifanywi na sumu bali na mwili wenyewe. Msukumo wa damu, ambao kwa kawaida hauna madhara, huusukuma ukuta uliolegea mpaka utanuke, uwe mwembamba, kisha upasuke.

Maelezo hayo yana maana kubwa kwa mgonjwa. Kiungo kilichoumwa kisitumikishwe. Kukimbia, au kukikandakanda kiungo ili "sumu itoke", huongeza mwendo wa damu na wa sumu wakati kuta zinapodhoofika. Kilazwe na kufungwa kwenye ubao au fimbo kwa kitambaa kisichobana, kama kifungwavyo kiungo kilichovunjika.

Akiba ya kugandisha inapokwisha

Sasa tuitazame kinga ya pili. Mtu aweza kudhani kuwa sumu inayozuia damu isigande huanza kazi kwa kuzuia. Kinyume chake, sumu nyingi za aina hii huanza kwa kuigandisha damu.

Kaskazini mwa Kenya, katika maeneo makavu kama Turkana na Baringo, yuko nyoka mdogo wa jenasi ya Echis. Akitishwa hujikunja na kusugua magamba yake hata yakatoa sauti kama ya mafuta yakaangwayo. Jamaa zake wameenea Afrika Magharibi, Uarabuni na Bara Hindi. Katika sumu ya nyoka wa jenasi hiyo kulipatikana kimeng'enya kiitwacho ekarini, ambacho nacho ni cha daraja la P-III. Umbo la ekarini hukiwezesha kuitambua protrombini na kuiamsha bila kungoja amri yoyote ya mwili. Vigandisho huanza kujengwa ndani ya mishipa mahali pasipo na jeraha, na mwili huviyeyusha upesi. Baada ya saa chache fibrinojeni imekwisha. Ni kama kaya iliyopika nafaka yote ya mwaka kwa siku moja: ghala lipo, ila ni tupu. Kuanzia hapo, penye tundu lolote damu hutoka na haigandi.

Baadhi ya nyoka hutumia pia kundi jingine, vimeng'enya vya serini, visivyotegemea zinki. Baadhi yake hufanana na trombini kwa umbo, lakini mfanano huo si kamili. Huikata fibrinojeni nusunusu, na nyuzi zinazotokea ni dhaifu na huyeyuka mara. Mwisho wake ni uleule: fibrinojeni hutumika bure.

Kifutu, ambaye pwani huitwa pia bafe, ndiye mshirika wa nyoka hawa anayejulikana zaidi katika Afrika Mashariki. Sumu yake huvimbisha kiungo, huleta malengelenge, huozesha nyama na huweza kuleta kutoka damu. Itakumbukwa kwamba si nyoka wote wenye sumu ya damu. Sumu ya koboko na ya baadhi ya swila hulegeza misuli na kuzuia pumzi. Kwa hiyo kutoona damu si ushahidi wa usalama.

Utulivu unaodanganya

Mtaalamu mashuhuri wa nyoka, Karl Patterson Schmidt wa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, alipelekewa nyoka mchanga wa miti kutoka Afrika tarehe 25 Septemba 1957 ili amtambue. Nyoka huyo alikuwa bumslangi, ambaye yupo pia Kenya na Tanzania. Alimuuma kidole gumba, na jino moja tu lilipenya ngozi. Schmidt hakwenda hospitali. Alianza kuandika dalili zake kwa utaratibu: kichefuchefu, homa na baridi, kisha damu kwenye fizi. Asubuhi iliyofuata alipata kifungua kinywa. Alasiri ya siku hiyohiyo alifariki dunia, na uchunguzi ulionyesha kuwa damu ilikuwa imetoka ndani ya viungo vyake vingi.

Sumu ya bumslangi kwa sehemu kubwa ni metaloproteinasi za P-III. Haiumi sana jerahani wala haivimbishi sana mwanzoni. Hufanya kazi yake kimya ndani ya damu, na mtu hujiona mzima wakati akiba yake ya kugandisha inakwisha. Ikiwa mtu aliyewasoma nyoka maisha yake yote alidanganywa na utulivu huo, mwananchi wa kawaida asiutegemee. Yeyote aliyeumwa na nyoka asiyemjua apelekwe hospitali na kuangaliwa, hata kama hana maumivu.

Kipimo kisichohitaji mashine

Hospitali isiyo na maabara kubwa huweza kujua kama akiba ya kugandisha imekwisha. Mhudumu huchukua mililita 2 hivi za damu ya mshipani, huitia katika kichupa kipya cha kioo, kisafi na kikavu, na kukiacha bila kukitikisa kwa dakika 20. Kisha hukiinamisha mara moja. Damu ikiwa imeganda, kinga ya pili ingalipo. Ikimwagika kama maji, sumu imekwisha kuivunja.

Kichupa lazima kiwe cha kioo, kwa kuwa kugusana na kioo ndiko kunakoanzisha kuganda. Kichupa cha plastiki, au kilichooshwa kwa sabuni, hutoa jibu la uongo. Aidha kipimo kilichokuwa kizuri saa ya kwanza huweza kuwa kibaya baadaye, hivyo hurudiwa. Ni haki yako kuuliza: "Je, kipimo cha dakika 20 kimefanywa? Kitarudiwa saa ngapi?"

Kingasumu: ufunguo na kufuli yake

Kingasumu ni dawa ya sindano inayovunja nguvu za sumu ya nyoka. Hutengenezwa kwa kumdunga mnyama, aghalabu farasi, kiasi kidogo cha sumu kwa muda mrefu, hata mwili wake utengeneze kingamwili. Kingamwili hizo huchukuliwa katika damu yake na kusafishwa. Zikiingia mwilini mwa mgonjwa, hushikamana na vimeng'enya vya sumu na kuvizuia visifanye kazi.

Kingamwili hutambua umbo la nje la kimeng'enya kama ufunguo unavyotambua kufuli yake. Ekarini ya nyoka wa nchi moja na kimeng'enya cha nyoka wa nchi nyingine vyaweza kuwa na bonde lilelile na zinki ileile ndani, ilhali sura zao za nje zinatofautiana. Farasi aliyedungwa sumu ya nyoka wa bara jingine hutengeneza funguo za makufuli ya huko. Huku kwetu huenda zisifungue kitu.

Hayo yalitokea Ghana. Mwaka 2004 kingasumu iliyokuwa ikitumika dhidi ya nyoka wa jenasi ya Echis ilibadilishwa na kuletwa nyingine. Katika hospitali moja iliyochunguzwa, vifo vilipanda kutoka asilimia 1.8 ya wagonjwa hadi asilimia 12.1. Watafiti waliochapisha habari hiyo mwaka 2008 walieleza kuwa chanzo chake yaelekea kilikuwa dawa mpya kutoiweza sumu ya nyoka wa Ghana. Wagonjwa walidungwa, jamaa zao waliamini wamepata tiba, na damu haikukoma.

Kwa hiyo neno "kingasumu" juu ya kasha halitoshi. Lazima isomwe orodha ya nyoka ambao dawa hiyo ilitengenezwa dhidi yao. Kingasumu moja maarufu ya mchanganyiko kutoka Afrika Kusini hukabili vifutu, swila na koboko, lakini haikabili bumslangi wala Echis. Kwa bumslangi ipo kingasumu yake mahususi, nayo pia hutengenezwa Afrika Kusini.

Jambo jingine la kufahamu ni kwamba kingasumu huzuia vimeng'enya visiendelee kukata, haijazi ghala. Ini huhitaji saa kadhaa kutengeneza fibrinojeni mpya. Ndiyo sababu kipimo cha dakika 20 hurudiwa saa 6 baada ya dawa, na ikiwa damu bado haigandi, dozi nyingine huweza kutolewa. Usishangae ukiona damu haigandi dakika chache baada ya sindano, wala usimhamishe mgonjwa kwa waganga kwa sababu hiyo. Mtoto naye hupewa kiasi kilekile apewacho mtu mzima, kwa kuwa dozi hupimwa kwa sumu aliyotiwa na nyoka, si kwa uzito wa aliyeumwa.

Bidhaa na desturi za kuepukwa

Jiwe la nyoka. Jiwe jeusi linalouzwa kwa ajili ya kunyonya sumu aghalabu ni kipande cha mfupa wa mnyama kilichochomwa. Hushika jerahani kwa sababu lina vitundu vinavyofyonza unyevu. Sumu iliyokwisha kuingia ndani ya nyama na damu hailifuati jiwe. Wanaosema liliwaponya aghalabu waliumwa na nyoka asiye na sumu, au na nyoka mwenye sumu asiyeitoa.

Kuchanja na kunyonya. Mtu ambaye damu yake haigandi akichanjwa, kila chale ni mlango mpya wa damu.

Kufunga kamba ya kukaza. Kamba hukata damu ya kiungo na kuzizuia metaloproteinasi mahali pamoja, nazo huozesha nyama zaidi.

Aspirini, ibuprofeni na dawa za jamii hiyo. Hizi hudhoofisha chembe sahani, ambazo huenda sumu imekwisha kuzidhoofisha. Parasetamoli ni salama zaidi kwa maumivu. Hali kadhalika sindano za msulini ziepukwe, kwa maana damu huweza kujikusanya pale zilipochomwa.

Kingasumu ya kujidunga nyumbani. Protini za farasi huweza kuleta mzio mkali ndani ya dakika chache. Dawa hii itolewe pale tu penye adrenalini na mtu anayejua kuitumia.

Huenda ukasikia kuwa wanasayansi wanajaribu vidonge. Habari hiyo ina ukweli, na inatokana na elimu ya umbo iliyoelezwa hapo juu. Kwa kuwa makali ya metaloproteinasi yanategemea zinki, dawa inayoinyakua zinki hutarajiwa kuyazima. Mojawapo ni unithioli, dawa ya kale ya kutibu sumu za metali, ambayo usalama wake umejaribiwa Kilifi kwa watu wazima wenye afya. Faida yake ni kwamba zinki ni ileile kwa nyoka wote wa kundi hili, hata kama sura za nje hazifanani. Hata hivyo majaribio si ruhusa ya kuuza. Akijitokeza mtu kukuuzia "kidonge cha nyoka", usinunue, na utoe taarifa.

Maswali ya kuuliza kabla ya tiba na malipo

1. Je, dawa hii imesajiliwa nchini? Hapa Kenya usajili wa dawa ni kazi ya Bodi ya Famasia na Sumu.

2. Je, orodha ya nyoka iliyoandikwa kwenye kasha au karatasi ya maelezo inamtaja nyoka wa eneo letu?

3. Tarehe ya mwisho wa matumizi ni lini, na dawa imehifadhiwa vipi? Kingasumu ya maji kwa kawaida huhitaji jokofu la nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa. Ya unga huhifadhiwa kwa masharti yaliyoandikwa kwenye kasha.

4. Je, kimiminika kina mawingu au machicha? Kama ndivyo, kisitumiwe.

5. Je, vichupa vilivyotumika na namba za toleo vimeandikwa katika karatasi ya mgonjwa na kwenye stakabadhi?

Maswali haya yaulizwe kwa adabu na kwa ufupi, wala yasicheleweshe matibabu. Ndugu mmoja abaki na mgonjwa, mwingine aulize. Kumbuka kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na katika Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, pamoja na maelezo ya kumwezesha kunufaika nazo. Kumwuliza mhudumu dawa hii ni ya nyoka gani si ukaidi, bali ni kuitumia haki hiyo.

Saa ya kwanza

Mwondoe mgonjwa penye nyoka, wala usimfukuze nyoka ili kumwua. Watu huumwa mara ya pili kwa kufanya hivyo. Picha iliyopigwa kwa mbali yatosha. Vua pete, bangili, viatu na chochote kinachobana kabla kiungo hakijavimba. Kifunge kiungo kwenye ubao bila kukaza. Andika saa aliyoumwa. Mbebe mgonjwa, asitembee, na umpeleke hospitali moja kwa moja bila kupitia dukani wala kwa mganga. Njiani angalia fizi, pua, mkojo na jeraha lenyewe. Damu ikionekana popote, mweleze mhudumu mara ufikapo.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hofu hiyo ina sababu, lakini isimpeleke mtu kununua chochote kinachoitwa dawa. Sumu inayomwaga damu ni kazi ya vimeng'enya vyenye umbo maalumu, na dawa inayoweza kuizuia ni ile iliyotengenezwa kulingana na umbo hilo. Kabla hujalipa, uliza kama dawa uliyo nayo mkononi ilitengenezwa kwa ajili ya nyoka wa kwenu.